Mtoto unayemsomesha nyumbani anashika haraka: utajuaje kama ni kipaji maalum kweli

Kila mzazi anayesomesha nyumbani hufika mahali akajiuliza hili swali, na mara nyingi linaanza kidogo kidogo tu. Mtoto wa miaka 6 amemaliza vitabu vya mwaka mzima kabla ya Pasaka, anamsomea babu yake gazeti kwa sauti, anamkosoa mjomba akikosea tarehe, shangazi akija wikendi anasema huyu mtoto ni jiniasi wallahi, mpelekeni mahali. Na wewe unabaki nalo kichwani manake huna darasa la watoto 40 la kumlinganisha, huna mwalimu mkuu wa kukuita ofisini akuambie, uko na yeye tu pale mezani pamoja na mdogo wake anayevuta penseli.

Mi nimekaa na watoto wanaosomea nyumbani miaka mingi hapa Pwani, wangu na wa wenzangu kwenye kikundi chetu cha wazazi, na msimamo wangu ni kwamba ukitaka kujua ukweli usihangaike sana na yale anayoyajua tayari. Angalia anavyojifunza kitu kipya. Karibu kila nitakachoandika hapa kinarudi hapo.

Toa kwanza kile ambacho nyumba imempa

Hapa ndo wengi tunachanganyikiwa. Mtoto wa nyumbani ana kitu ambacho mtoto wa shule hana: mtu mzima wake peke yake, muda wa kutosha, hakuna kengele, akikwama kwenye sehemu mnakaa hapo hapo mpaka aelewe. Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika mwaka 1984 kwamba mwanafunzi wa kawaida kabisa akifundishwa peke yake na mwalimu, tena kwa mtindo wa kuhakikisha ameelewa hatua moja kabla ya kuingia nyingine, anaweza kufika juu ya asilimia 98 ya wenzake wanaofundishwa kwa darasa la kawaida. Watafiti waliokuja nyuma yake walipata faida ndogo kuliko hiyo, lakini faida ipo na kila aliyewahi kufundisha mtoto mmoja anaijua.

Kwa hivo ukimuona wako yuko mbele gredi mbili, sehemu ya huko mbele ni kazi yako wewe. Hongera, nasema kwa moyo wote, si kazi rahisi. Ila kuwa mbele peke yake hakujakwambia kama ana kipaji maalum. Hasa kama mnatumia vijitabu kama vya ACE (mtaala wa Kikristo wa mtoto kujisomea), ambavyo nyumba nyingi za Kenya zinavitumia, kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka na mtoto akipata asilimia 80 kwenye testi anavuka kwenda kinachofuata. Mtoto mwenye nidhamu na kumbukumbu nzuri anaweza kumaliza vya miaka miwili ndani ya mwaka mmoja na bado akawa mtoto mwerevu wa kawaida anayependa kumaliza alichoanza. Ni sifa nzuri tena itamfikisha mbali, lakini ni sifa nyingine.

Kuna mengine yanawachanganya watu, niyapitie haraka. Kusoma mapema: wengi wenye vipaji husoma mapema, ni kweli, lakini wapo watoto wanaosoma ukurasa mzima bila kukwama na hawajaelewa kitu, kwa hivo akimaliza funga kitabu umuulize kwa nini yule mhusika alidanganya, usimuulize nani alidanganya. Kuhifadhi: mtoto aliyehifadhi juzuu tatu, au zaburi ndefu, au miji mikuu ya Afrika nzima amefanya bidii kubwa na apewe heshima yake, ila hapo umeona nguvu ya kumbukumbu, bado hujaona anavyofikiri. Hesabu za abakasi zile za kupiga kwa vidole hewani, zinafundishwa, mtoto yeyote akifanya mazoezi kila siku atakuwa mwepesi. Na kuongea Kiingereza cha kikubwa, jamani, mtoto anayeshinda na watu wazima ataongea kama watu wazima, we sikiliza tu kama ndani ya yale maneno makubwa kuna wazo lake au ni ile sentensi baba yake aliisema jana wakila.

Mfundishe kitu ambacho hajawahi kukiona

Hii ndo sehemu yenyewe, nitakaa hapa zaidi.

Kuna utafiti ulifanyika Bagamoyo, ukachapishwa 2002, wa wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko pamoja na wenzao. Waliwapa watoto wa shule za msingi mafumbo: kupanga kadi kwa makundi, kukamilisha hoja, na ule mchezo wa kuuliza maswali 20 mpaka ujue mwenzako anafikiria kitu gani. Wakawapima. Alafu wakawafundisha mbinu za kuyafikiria hayo mafumbo kwa muda usiofika hata saa moja, wakawapima tena. Watoto walipanda, na waliokuwa juu mwanzo si lazima ndo waliokuwa juu mwisho. Na zile alama za baada ya kufundishwa ndo zilikwenda sambamba zaidi na vipimo vingine vya uwezo wao kuliko alama za mwanzo. Yaani hatua aliyopiga mtoto ndani ya lile somo fupi ilisema zaidi kuliko pale alipoanzia.

Mzazi anaweza kufanya kitu cha namna hiyo mezani kwake bila kulipa shilingi. Chagua kitu ambacho hakiko kwenye silabasi mnayotumia, hakiko kwenye vidio anazoangalia, na hakitegemei Kiingereza kizuri. Kuhesabu kwa tano badala ya kumi. Alama za Braille. Ramani yenye mistari ya kuonyesha miinuko. Herufi za Kiarabu kwa mtoto ambaye hajapita madrasa. Bao la Kiswahili kwa mtoto ambaye hajawahi kulikalia.

Siku ya kwanza muache na hicho kitu dakika kumi peke yake, usimsaidie hata kwa macho (watoto wetu wanasoma nyuso zetu vizuri mno, mzazi akiinua nyusi tu mtoto anabadilisha jibu). Alafu mfundishe dakika ishirini kwa utulivu. Mpe maswali yanayofanana na uliyofundisha. Kisha mpe swali moja au mawili ambayo hukufundisha, yanayohitaji akipinde alichojifunza. Baada ya hapo funga, usiliguse jambo hilo wiki nzima, usimkumbushe, usimpe homuweki. Wiki ikiisha rudi nalo uone kimebaki nini na kimegeuka kuwa nini.

Unapomtazama kuna vitu vichache vya kuandika pembeni. Alihitaji kurudiwa mara ngapi? Alifanya lile swali la kupinda au alisubiri umwambie? Alitafuta njia ya mkato yake mwenyewe? Aliuliza "na kama ingekuwa hivi?" Alirudi nalo kesho yake bila kuitwa? Hayo mawili ya mwisho mi huyapa uzito kuliko kasi.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Msichana wa miaka 8, mtoto wa mwenzetu mmoja, si msemaji, hesabu zake ziko sawa na umri wake au mbele kidogo tu. Tulimfundisha yeye na kaka yake wa miaka 10 kuhesabu kwa tano kwa kutumia njiti za kiberiti: njiti tano unafunga fungu, mafungu matano unafunga furushi, kwa hivo baada ya 4 unaandika 10, baada ya 14 unaandika 20, baada ya 44 unaandika 100. Kaka akashika haraka kuliko yeye. Nikampa ajumlishe 24 na 13 kwa hesabu hiyo ya tano akapata 42, sawasawa kabisa, akauliza kama tumemaliza aende nje. Dada yake alikuwa bado ameinamia fungu moja na njiti moja, ile inayoandikwa 11. Akalifungua lile fungu, akaweka njiti tatu huku na tatu huku, akasema polepole, "Mbona hii 11 ni shufwa?"

Sikumjibu, nikamwambia endelea. Akajaribu 12, ikawa witiri. 13 shufwa. 20 shufwa. Alikasirika kidogo, manake ile kanuni aliyoizoea ya kuangalia tarakimu ya mwisho ilikuwa imevunjika na yeye hapendi vitu vivunjike. Akaondoka na njiti zake. Magharibi inakaribia akarudi na karatasi ameandika namba zote mpaka 44 na pembeni ya kila moja sh au w, akaniambia, "Anti, jumlisha tarakimu zake. Zikitoka shufwa, namba yote ni shufwa." Nikamuuliza kwa nini. Akafikiri. "Kwa sababu fungu ni nne na moja. Nne haisumbui. Ile moja ndo inasumbua."

Hilo hakuna aliyemfundisha wala kumuuliza, na maelezo yake ni sahihi hata kwa namba kubwa zaidi ya alizojaribu. Kaka yake ni mwerevu, anafanya kazi safi na kwa kasi, mtihani wowote wa kawaida angemshinda dada yake. Lakini dada aliona muundo uliojificha ndani ya kitu alichokijua kwa saa moja tu, ukamkera, akaufuata mpaka akapata sababu yake. Ukiona kitu kama hicho mara moja, furahi na uandike tarehe. Ukiona mara kwa mara, kwenye mambo tofauti, hapo sasa una jambo la kuchukulia kwa uzito.

Bao nalo ni zuri sana kwa hili, mashimo 32 na kete 64, unaanza na kunamua (kuingiza kete moja moja) alafu unaingia mtaji (kete zote zikiwa ubaoni), sheria ni nyingi kiasi cha kutosha kumchosha mtoto asiyependa kufikiri mbele. Mfundishe sheria tu usimfundishe ujanja. Baada ya michezo kadhaa angalia kama ameanza kuhesabu kimya kimya kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajachukua, na akifungwa je, analia akaondoka, au anataka mrudi nyuma mpaka ile hatua iliyomharibia mchezo? Wazee wa barazani wanaijua hiyo tofauti vizuri, mtoto wa namna ya pili huwa wanamwita arudi kesho.

Andika maswali yake

Nunua daftari la bei rahisi na kwa miezi miwili mitatu andika maswali anayouliza mwenyewe. Majibu yake unayo tayari kwenye vitabu vya mazoezi, maswali ndo yanapotea. Andika neno kwa neno vile alivosema, na tarehe.

Mtoto mwerevu huuliza mengi na ukimjibu anaridhika. Huyu mwingine jibu lako linamzalia swali, anarudi nalo baada ya siku nne mkiwa kwenye feri ya Likoni, anakuuliza kama chumvi inafanya maji yawe mazito basi feri ingezama zaidi ikiletwa Ziwa Victoria? (Ndio, ingeshuka kidogo.) Ukisoma daftari mwisho wa mwezi unaona uzi: maswali kumi na tano yaliyotawanyika kumbe yote yanazunguka jambo moja ambalo amekuwa akilitafuna kimya kimya.

Joseph Renzulli, mtafiti wa Marekani, mwaka 1978 alipendekeza kwamba kipaji cha kweli kinaonekana pale vitu vitatu vinapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ule ung'ang'anizi wa kushikilia kazi mpaka mwisho. Tena hakusema uwezo uwe wa ajabu sana, alisema uwe juu ya wastani. Mi napenda hiyo ya ung'ang'anizi kwa sababu mzazi wa nyumbani ndo mtu pekee anayeweza kuiona vizuri, mwalimu wa shule ana dakika 35 alafu somo limebadilika. We unamuona akihangaika na tyubu ya baiskeli au na hadithi yake moja wiki ya tatu sasa, anaifuta anaianza upya na hakuna aliyemtuma. Angalia lakini kama ni kwa jambo analolichagua mwenyewe, manake wapo watoto wenye uwezo mkubwa ambao kwenye kazi ulizowapa wewe ni wavivu wa kutupwa.

Mtafutie macho mengine

Mzazi hawezi kuwa shahidi pekee, mapenzi yanaingia, na uchovu pia unaingia, kuna siku unamuona malaika na kuna siku unaona kichwa ngumu tu. Muulize ustadhi wa madrasa, mwalimu wa Sunday school, kocha wa kuogelea, bibi yake kijijini. Usiwaulize "ana akili?" kwa sababu watakujibu ndio kwa adabu. Waulize ukimfundisha kitu kipya huwa inakuwaje.

Bibi kijijini simtaji kwa heshima tu. Hao hao akina Grigorenko na Sternberg walifanya utafiti mwingine Usenge, magharibi mwa Kenya karibu na Ziwa Victoria, uliochapishwa 2001, wakawapima watoto wa Kijaluo ujuzi wao wa dawa za mitishamba, ipi ya ugonjwa gani, inatumiwa vipi, kwa kipimo gani. Ujuzi huo ni mgumu na watoto wale walikuwa nao. Na waliofanya vizuri huko walielekea kufanya vibaya kidogo kwenye vipimo vya msamiati na masomo ya shule, kwa hivo mwalimu anayeangalia karatasi za darasani tu angewapita kabisa. Mtoto wako anaweza kuwa anakuangusha kwenye insha lakini anajua kila mmea wa shamba la babu yake na anaweza kukueleza kwa nini huu unaota kivulini. Hilo nalo lihesabu, liandike kwenye daftari.

Alafu mtafutie wenzake. Ndani ya kikundi cha wazazi wapeni watoto wa umri mmoja kitu kipya kimoja, kisiwe mashindano, kila mmoja afanye kivyake na mzazi wa mwenzake ndo akae naye. Tulifanya hivo na wazazi wengi walishangaa zaidi kwa watoto wa wenzao kuliko wa kwao.

Kama anamaliza kila karatasi ya gredi yake kwa asilimia 95 na kitu, hiyo karatasi haikupi habari tena, ni fupi kuliko yeye. Mpe ya juu. Julian Stanley wa Johns Hopkins alianzisha mradi wake mwaka 1971 kwa wazo hilo tu: aliwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT unaofanywa na wanafunzi wa Marekani wanaoelekea chuo kikuu, na ghafla watoto ambao kwenye mtihani wa darasa lao walikuwa wote juu sawa wakatawanyika, tofauti zao zikaonekana. We chukua karatasi za miaka iliyopita za gredi mbili tatu mbele, umpe bila kumtayarisha, na usiangalie alama, angalia alichofanya kwenye maswali ya mada ambazo hajazifika. Aliacha wazi? Alibahatisha? Au kuna mahali amejitengenezea njia yake, hata kama jibu limekosea? Hiyo njia isome mara mbili.

Kipimo cha mwanasaikolojia

Vile vipimo vya IQ (alama ya uwezo wa akili) vya bure vya kwenye simu, achana navyo kabisa. Vimetengenezwa mtu arudi, kila mtu anatoka na 135.

Kipimo halisi anakifanya mwanasaikolojia aliyesomea, uso kwa uso na mtoto, muda wa saa moja na zaidi. Vinavyotumika sana ni WISC-V, ya watoto wa miaka 6 hadi 16, WPPSI-IV kwa wadogo zaidi, na Raven, ile ya michoro yenye kipande kilichokosekana iliyotolewa na John Raven mwaka 1938, ambayo haitaki lugha nyingi. Wastani ni 100. Wanaofika 130 ni kama 2 kati ya kila watu 100, na hapo ndo nchi nyingi huchora mstari wa kipaji maalum.

Mambo ya kumuuliza kabla hujalipa: mtoto atapimwa kwa lugha gani, na alama zake zitalinganishwa na watoto wa wapi? Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili akapimwa msamiati wa Kiingereza na kulinganishwa na watoto wa Marekani, ile namba itakayotoka upande wa lugha uichukulie kwa tahadhari, angalia zaidi sehemu za michoro na mantiki. Na uulize viwango vya kumlinganishia ni vya mwaka gani. Kule Embu watoto wa kijijini walipimwa kwa Raven mwaka 1984, wengine wa eneo hilo hilo wakapimwa 1998, na hao wa pili walikuwa juu sana kuliko wa kwanza. Miaka 14 tu. Kwa hivo jedwali la zamani litamfanya kila mtoto wa leo aonekane wa ajabu.

Kama mtoto hajafika miaka 6 mi ningesubiri, namba za umri huo zinabadilika sana mwaka hadi mwaka. Na hata akiwa mkubwa, namba ni ushahidi mmoja ndani ya daftari lako. Mwanasaikolojia Lewis Terman wa Stanford alianza mwaka 1921 kukusanya watoto wenye IQ ya juu kabisa California, zaidi ya 1,000, na yeye na waliokuja nyuma yake wakawafuatilia kwa miaka mingi. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakiwa watoto na hawakuchukuliwa, alama hazikutosha. Wote wawili walikuja kupata tuzo ya Nobel ya fizikia, na hakuna hata mmoja kati ya wale waliochaguliwa aliyeipata.

Kwa Kenya, mahali pa kuanzia ni kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti ndogo yako, au KISE, taasisi ya elimu maalum, pale Kasarani Nairobi. Watu wanafikiri ni vya watoto wenye ulemavu peke yake, lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawataja wenye vipaji maalum ndani ya kundi la watoto wenye mahitaji maalum, kwa hivo unayo haki ya kuuliza. Beba lile daftari.

Wale wanaojificha

Hapa naomba mzazi asome polepole. Kuna watoto wana kipaji na pia wana disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), au ADHD (ugumu wa kutulia na kumakinika), au usonji, na kimoja kinakifunika kingine mpaka mtoto anaonekana wa kawaida tu, au mvivu. Anakueleza kwa mdomo jinsi mvua inavyotengenezwa mpaka unapigwa na butwaa, ukimpa kalamu anaandika mistari miwili yenye makosa na machozi juu. Ukiona pengo kubwa la namna hiyo kati ya anavyosema na anavyoandika, hiyo ndo sababu nzuri kuliko zote ya kutafuta mwanasaikolojia, hata kama ni gharama. Wakati unasubiri, muache akujibu kwa sauti na wewe uandike, alafu uone anafika wapi.

Na kuna suala la umri. Kichwa cha miaka 11, mkono wa miaka 7, machozi ya miaka 5, vyote ndani ya mtoto mmoja wa miaka 7. Wazazi wanakata tamaa wanasema mwenye kipaji gani huyu analia kwa sababu soksi ina mshono. Ni jambo la kawaida sana kwao, halifuti kitu ulichokiona.

Wasichana wanajificha kwa njia nyingine, hasa wakifika miaka 9, 10. Wanajifunza kwamba mtoto mzuri ni yule asiyesumbua, wanaacha kuuliza mbele za watu. Akinyamaza ghafla baada ya kuwa mtoto wa maswali, usifikiri ameishiwa, kaa naye jikoni mkichambua mchicha, bila mtu mwingine, na umuachie nafasi ya kimya ndefu kidogo.

Ukishapata picha

Kama daftari, kile kitu kipya, macho ya wengine na pengine kipimo vyote vinaelekea upande mmoja, usimkimbizie vitabu vya gredi zinazofuata tu. Mpe kina. Jambo lile lile, swali gumu zaidi, mtu anayelijua kuliko wewe: fundi wa mashua, mwanafunzi wa chuo anayesoma hisabati, mtunzi wa mashairi wa mtaani kwenu. Punguza yale ya kurudia, kama ameonyesha ameelewa kugawanya kwa maswali matano usimpe hamsini. Na mambo ya kumwita jiniasi mbele ya wageni ikome, manake atakuja kuogopa kila kitu kinachoweza kumkosesha hilo jina, ataanza kuchagua kazi rahisi.

Kama picha imetoka kwamba ni mtoto mwerevu aliyefundishwa vizuri, basi unachofanya kinafanya kazi, endelea nacho vile vile. Rudia lile zoezi la kitu kipya baada ya miezi sita na jambo tofauti kabisa, kama mara ya kwanza ilikuwa namba, safari hii iwe lugha au muziki, kwa sababu wapo wanaochelewa kuchanua na wapo ambao ulikuwa unawapima mahali ambapo si pao. Kwa wadogo wa miaka 4 na 5 usifanye zoezi lolote la kukaa mezani, andika maswali tu na uwaachie maji, mchanga na njiti.